Tito hakutumwa peke yake: nusu ya waraka wa sadaka tunayoiruka

Kabla vikapu havijaanza kupita, anayeongoza ibada hufungua Biblia na kusoma mstari ambao hata watoto wa Shule ya Jumapili wanaujua: "Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu." Kwaya inaanza, watu wanasogea mbele, kazi imekwisha. Mstari huo ni wa 7 katika sura ya 9 ya Waraka wa Pili wa Paulo kwa Wakorintho, na umesomwa peke yake kwa miaka mingi hata ulikotoka pamesahaulika. Umetoka katika barua ya kazi. Sura ya 8 na ya 9, mistari 39 kwa jumla, zinazungumzia mchango mmoja mahususi: unatolewa na nani, kwa ajili ya nani, ukamilike lini, ubebwe na nani, mbebaji achaguliwe na nani, na kwa nini asitumwe peke yake.

Mistari inayomhimiza mtoaji tumeihubiri mpaka imechujuka. Mistari inayombana mpokeaji tunairuka. Hilo ni kosa la usomaji, nalo linayagharimu makanisa yetu fedha na amani, na wakati mwingine linamgharimu mchungaji mwaminifu jina lake, kwa sababu tu hakuna karatasi inayoweza kuonyesha kwamba hakuiba.

Tuanze na hali iliyoizaa barua. Paulo aliiandika akiwa Makedonia, upande wa kaskazini wa Ugiriki ya leo, mnamo mwaka 55 au 56. Alipokubaliana na viongozi wa Yerusalemu kuhusu kazi yake kati ya watu wa mataifa, walimwomba jambo moja, nalo limeandikwa Wagalatia 2:10: awakumbuke maskini. Mchango huu ndio utekelezaji wa ombi hilo. Makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya (upande wa kusini wa Ugiriki, palipo na Korintho) yalishirikishwa. Wakorintho walianza mapema, "tangu mwaka uliopita" kama anavyowakumbusha, tena kwa shauku. Kisha wakalegea. Wakati huohuo Wamakedonia, ambao Paulo anasema walikuwa katika umaskini uliowafika chini kabisa, waliomba wenyewe waruhusiwe kushiriki.

Mwenyekiti yeyote wa kamati ya ujenzi anaijua hali ya Korintho. Siku ya uzinduzi ahadi zinaandikwa kwa vigelegele. Mwezi wa tatu kadi hazirudi. Mwezi wa sita mahubiri ya utoaji yanaongezwa kutoka Jumapili moja hadi nne, na sauti ya mhubiri inapanda huku kapu likizidi kuwa jepesi.

Kwa nini Wakorintho walilegea? Umaskini hauwezi kuwa jibu, maana waliokuwa maskini kuliko wao walikuwa wanatoa. Jibu liko mbele kidogo katika waraka huohuo, sura ya 12, mstari wa 16 hadi 18. Kulikuwa na minong'ono. Watu walisema Paulo ni mjanja: anakataa ujira wao waziwazi, halafu anawatuma watu wake wachukue kwa mlango wa nyuma. Naye anauliza moja kwa moja: je, kuna yeyote niliyemtuma kwenu nikajipatia faida kwenu kupitia kwake? Tito aliwatoza kitu? Maswali hayo hayaulizwi mahali ambapo watu wana imani na wanaoshika fedha. Mchango wa Korintho ulilala kwa sababu ya mashaka, na ugonjwa wa mashaka hautibiwi kwa kuongeza mahubiri ya utoaji. Mahubiri hayo humwongezea tu anayeshuku sababu ya kushuku.

Dawa aliyoitumia Paulo iko 8:16-23, na inafaa kusomwa polepole. Anamtuma Tito, ambaye Wakorintho wanamfahamu. Pamoja naye anamtuma ndugu ambaye sifa zake katika Injili zimeenea makanisani. Kisha anamwongeza ndugu wa tatu, aliyepimwa mara nyingi katika mambo mengi. Watatu. Yule wa kwanza kati ya hao ndugu wawili hakuteuliwa na Paulo. Alichaguliwa na makanisa, na kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo, cheirotoneo, kwa asili kina maana ya kunyoosha mkono, kama raia wa miji ya Ugiriki walivyopiga kura katika mikutano yao. Hao ndugu wawili Paulo anawaita "mitume wa makanisa". Wanawajibika kwa waliowatuma, si kwa mtume mkubwa anayesafiri nao.

Sababu yake iko mstari wa 20 na 21: anataka mtu asije akawalaumu kuhusu wingi wa fedha hiyo, na anajali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo tunayoyahitaji sana. Mara ngapi mtunza hazina akiulizwa swali hujibu, "Mungu anaujua moyo wangu"? Anaujua, hakika. Lakini Paulo, ambaye moyo wake Mungu aliujua vilevile, hakuona kwamba jibu hilo linatosha. Waumini hawana uwezo wa kuona moyo. Wanaweza kuona daftari.

Hatari ya njiani nayo ilikuwa ya kweli. Wayahudi waliotawanyika katika dola ya Roma walituma kila mwaka nusu shekeli kwa ajili ya Hekalu, na fedha hizo zilisafirishwa na wajumbe waliochaguliwa kwa sifa zao njema. Hata hivyo Flaccus, gavana wa Asia, alizitwaa za miji kadhaa. Cicero, wakili mashuhuri wa Roma, alipomtetea mahakamani mwaka 59 KK, alitaja karibu ratili 100 za dhahabu zilizokamatwa Apamea, na zaidi kidogo ya 20 huko Laodikia. Paulo hataji jumla ya mchango wake. Lakini dinari 10,000 tu, kila moja ikiwa ujira wa kibarua wa siku moja, zingekuwa mzigo wa kilo 35 hadi 40 za fedha. Mzigo kama huo mtu mmoja akiubeba peke yake, basi ama ataporwa ama atasingiziwa. Ndiyo maana Matendo 20:4 inataja watu saba waliofuatana na Paulo kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe, Listra na Asia, na wachambuzi wengi wanaona kwamba hao ndio waliokuwa wajumbe wa makanisa kuelekea Yerusalemu.

Sasa turudi kanisani kwetu, Jumapili saa sita mchana, ibada imekwisha na kapu liko mezani ofisini.

Kanuni ya Tito na ndugu wawili ni rahisi kuitekeleza. Wahesabuji wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja, na wabadilishwe kwa zamu ili watatu walewale wasishike mwaka mzima. Mchungaji asiwemo. Mtunza hazina apokee zikiwa zimeshahesabiwa. Asihesabu yeye, kwa sababu anayehesabu hatakiwi kuwa ndiye anayeandika daftari na ndiye anayepeleka benki. Kuhesabu kufanyike hapohapo, siku hiyohiyo, kabla kapu halijatoka nje ya jengo. Fedha "zitakazohesabiwa kesho" hazina shahidi.

Fomu ya kuhesabia iandike kila noti kwa idadi yake, isiishie kwenye jumla tu. Kwa mfano: noti za 10,000 ni 14, yaani 140,000, za 5,000 ni 23, yaani 115,000, za 2,000 ni 61, yaani 122,000, za 1,000 ni 88, yaani 88,000, sarafu 31,450. Jumla 496,450. Wote watatu watie saini nakala tatu: moja kwa mtunza hazina, moja kwa katibu wa baraza la wazee, moja ibaki ndani ya kitabu. Ukiandika jumla peke yake, tarakimu moja ikifutwa hakuna atakayejua. Ukiandika idadi ya noti, anayetaka kubadilisha lazima abadilishe sehemu kadhaa na zote zikubaliane. Tena slipu ya benki ya Jumatatu huwa na mgawanyo wa noti. Ikiwa jumla ni ileile lakini noti za 1,000 zimepungua kutoka 88 hadi 38 na za 10,000 zimeongezeka kutoka 14 hadi 19, fedha zile zilipitia mkono mwingine kati ya Jumapili na Jumatatu. Huenda mtu alizichenji tu dukani. Huenda aliziazima akazirudisha. Vyovyote vile, lazima aulizwe, na aulizwe wiki hiyohiyo.

Kosa linalovuruga hesabu za makanisa mengi kuliko wizi wenyewe ni matumizi ya fedha mbichi: sadaka inatumika kabla haijafika benki. Mgeni kaja, inatolewa nauli kutoka kapuni. Jenereta imeisha mafuta, inatolewa 30,000. Fundi bomba anadai, anamaliziwa. Kila tumizi ni halali na kila mtu ana nia njema, lakini mwisho wa mwezi slipu za benki haziwezi kulingana na fomu za kuhesabia, na hapo ndipo mwizi halisi anapopata kichaka cha kujifichia. Dawa yake ni masurufu: kiasi maalumu, tuseme 100,000, kinatolewa benki na kukaa kwa karani wa ofisi kwa ajili ya dharura ndogo. Kila tumizi liwe na stakabadhi, na masurufu yasiongezwe mpaka stakabadhi za yaliyotangulia zirejeshwe. Sadaka yote, hadi sarafu ya mwisho, iende benki kama ilivyohesabiwa.

Mnada wa baada ya ibada unahitaji uangalizi wake. Mayai, mkungu wa ndizi, jogoo, debe la mahindi: vitu hivi ni sadaka ya wasio na fedha taslimu, kwa hiyo vina heshima yote ya sadaka. Lakini hapo ndipo penye "nitalipa jioni" nyingi. Anayenadi asiwe anayepokea fedha. Awepo mwandishi mwenye daftari la safu nne: kitu, mnunuzi, bei, amelipa au bado. Madeni ya mnada yasomwe Jumapili inayofuata barazani mwa wazee, wala si madhabahuni. Na wazee wenyewe ndio mara nyingi wanaoongoza orodha hiyo.

Kisha simu. Siku hizi sehemu kubwa ya sadaka haipiti kapuni kabisa, inapita kwenye Lipa Namba, au Paybill kwa wenzetu wa Kenya. Kosa la kwanza ni kusajili namba hiyo kwa jina la mchungaji au la mtunza hazina "kwa muda", kwa sababu usajili wa taasisi unadai hati nyingi. Mtu huyo akihamishwa, akifariki au akigombana na baraza, sadaka inamfuata, kwa sababu namba imesajiliwa kwa jina lake. Kosa la pili ni ujumbe wa miamala kuingia kwenye laini moja inayoshikwa na mtu mmoja. Kosa la tatu ni kutoa fedha kwa wakala badala ya kuzihamishia benki moja kwa moja. Namba isajiliwe kwa jina la usharika au parokia, taarifa yake ya mwezi ichukuliwe na mtu asiye mtunza hazina, na ioanishwe na taarifa ya benki.

Kuhusu watia saini wa benki: watatu, na wawili kati yao watoshe kutoa fedha. Wasiwe mume na mke, wala mchungaji na shemeji yake. Na asiwepo wa kutia saini hundi tupu eti kwa sababu anasafiri. Hundi tupu yenye saini inageuza watia saini wawili kuwa mmoja, na yule aliyesafiri atajibu maswali ya fedha ambazo hakuziona.

Yote haya yanaweza kuonekana kama kazi ya kihasibu isiyo na uhusiano na Roho Mtakatifu. Paulo anaiita huduma. Katika 8:19 mpango mzima wa kubeba fedha unaendeshwa kwa utukufu wa Bwana, na neno la mstari wa 23, utukufu wa Kristo, linahusu wabeba mfuko. Ni vigumu kupata mahali pengine katika nyaraka ambapo watu wa hesabu wanapewa sifa ya namna hiyo.

Kuna jambo la pili katika barua ambalo linagusa desturi yetu kwa undani zaidi, nalo ni wakati wa kuchanga. Katika Waraka wa Kwanza, sura ya 16, Paulo alikuwa amewaelekeza Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mmoja aweke akiba kwake, "kwa kadiri ya kufanikiwa kwake", ili michango isifanyike atakapokuja. Linganisha na harambee zetu. Sisi tunasubiri mgeni rasmi afike ndipo tuchange. Yeye alitaka kila kitu kiwe kimekwisha kabla hajafika. Katika 9:3-5 anarudia hilo: anawatanguliza ndugu watatu ili mchango uwe tayari kama baraka, usiwe kitu cha kunyang'anywa. Alijua kabisa kwamba uwepo wake mwenyewe ungekuwa shinikizo. Mbele ya mtume aliyewazaa katika imani, nani angethubutu kutoa kidogo? Kwa hiyo alijiondoa.

Chukua hesabu ya mfano. Usharika wa kaya 200 unataka kuezeka kwa 24,000,000. Kamati nyingi hugawanya: 120,000 kwa kila kaya, na siku ya harambee inapangwa. Mama anayeuza mchicha anapewa kadi sawa na ya mkuu wa shule. Siku ikifika, mkuu wa shule analipa yote na kutulia, ilhali angeweza mara tatu yake. Mama anaacha kuja kanisani wiki mbili kabla. Sasa tumia njia ya Korintho. Kaya 40 zenye mshahara au biashara imara ziweke 5,000 kwa wiki, kaya 100 ziweke 2,000, kaya 60 ziweke 500. Kwa wiki zinapatikana 430,000. Kwa wiki 56, yaani mwaka na mwezi mmoja, ni 24,080,000. Hakuna aliyeaibika, hakuna aliyekopa, na mama wa mchicha ametoa 28,000 na ana msumari wake katika paa. Nani awe kundi gani, aamue mwenyewe moyoni. Hiyo ndiyo maana halisi ya mstari wa ukunjufu, ambao nusu yake ya kwanza inasema "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Kinachohitajika ni bahasha ya kila wiki yenye namba badala ya jina, na mtu wa kuijumlisha kila mwezi ili ionekane ikipanda.

Njia hii inaharibika kwa sababu mbili zinazojulikana. Moja ni kuianza bila makadirio ya fundi, kwa hiyo lengo linabadilika njiani kutoka 24,000,000 hadi 31,000,000 na watu wanachoka. Nyingine ni kuazima mfuko. Mshahara wa mwinjilisti umechelewa, fedha za paa zipo, zinachukuliwa "zirudishwe mwezi ujao". Hazirudi. Paulo mwenyewe anataja njaa na uchi katika 11:27, na bado fedha za Yerusalemu zilikwenda Yerusalemu. Mfuko wa ujenzi uwe na akaunti yake, na kuugusa kwa jambo lingine kuhitaji azimio la baraza zima lililoandikwa kwenye muhtasari, pamoja na tarehe ya kurejesha.

Tukiwa bado kwenye harambee, tumtazame mgeni rasmi. Korintho ya Paulo ilikuwa mji wa wafadhili. Mwaka 1929 wachimbaji wa mambo ya kale walipata karibu na ukumbi wake wa maigizo maandishi ya mawe yanayosema kwamba Erasto, kwa kupewa cheo cha usimamizi wa mji, alisakafia eneo hilo kwa fedha zake mwenyewe. Ndivyo mji ulivyoendeshwa: tajiri anatoa, jina lake linachongwa, na waliopokea wanabaki na deni kwake la heshima na kura. Sisi tunaijua kwa jina la jiwe la msingi. Paulo alikataa ujira wa Wakorintho (11:7-10) huku akipokea msaada wa Wamakedonia, na jambo hilo liliwaudhi sana matajiri wa Korintho. Aliona tofauti kati ya zawadi na kamba.

Makanisa ya Kenya yamelazimika kulifikiria hili hadharani. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia kutoka madhabahuni. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikataa fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, akaagiza zirudishwe. Wapo waliosema kanisa limekosa adabu, na wapo waliouliza kwaya na nyumba ya padre vitapata wapi fedha. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni lile la wiki 56. Kanisa lisilo na utaratibu wa kuweka kidogo kidogo litamhitaji mgeni rasmi daima, na anayemhitaji mtu kiasi hicho hawezi kumwambia ukweli. Baraza linaweza kuweka kikomo sasa hivi, kabla mgeni hajaalikwa: zawadi yoyote inayozidi, tuseme, asilimia 10 ya bajeti ya mradi ijadiliwe kwanza na wazee, ipitie benki, isitangazwe kwa kipaza sauti, na mtoaji asipewe nafasi ya kuhutubia siku hiyo.

Mstari wa mbegu nao unadai haki yake. "Apandaye haba atavuna haba" (9:6) umekuwa wimbo wa mikutano mingi: panda mbegu yako hapa, weka kwenye namba hii, upokee gari, visa, mume. Katika barua, mbegu ilipandwa wapi? Katika matumbo ya maskini wa Yerusalemu, watu ambao Wakorintho hawakuwahi kuwaona. Na mavuno anayoyataja 9:11-12 ni ya aina mbili: mtoaji anatajirishwa ili aweze kutoa zaidi, na maskini wakishiba, shukrani nyingi zinapanda kwa Mungu. Mhubiri anayesema mbegu ipandwe mkononi mwake amejiweka mahali pa maskini wa Yerusalemu. Paulo hakupata senti katika mchango huu.

Hilo halina maana mchungaji asilipwe. Paulo huyohuyo aliwaambia hawahawa, katika Waraka wa Kwanza sura ya 9, kwamba waihubirio Injili wapate riziki kwa Injili. Mshahara wa mchungaji uwe kwenye bajeti, ulipwe kwa tarehe, kupitia benki. Mchungaji asiyelipwa miezi minne ndiye atakayeombwa na shida zake kugusa fedha mbichi, na baraza lililomwacha katika hali hiyo lina sehemu katika kosa lake.

Na kuhusu kumnyima mtu huduma ya mazishi kwa sababu hakumaliza ahadi au zaka, desturi ambayo familia nyingi zimeumizwa nayo: Paulo anaandika 8:8 kwamba hasemi kwa amri, na 8:12 kwamba mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Sioni njia ya kuusoma mstari huo kisha kufunga mlango wa kanisa mbele ya jeneza.

Usawa anaoutaja 8:13-14 unakwenda juu pia, kwenye dayosisi na majimbo. Wingi wenu ujaze upungufu wao, na siku nyingine wingi wao ujaze wenu. Kisha anakumbusha mana ya jangwani, ambapo aliyekusanya vingi hakuwa na ziada, na aliyekusanya vichache hakupungukiwa. Usharika wa mjini unaolalamikia asilimia inayopelekwa dayosisi unapaswa kuusoma. Lakini dayosisi nayo iusome, kwa sababu usawa unapimwa. Kila usharika uliotuma upewe mara moja kwa mwaka ukurasa mmoja: zilipokelewa kiasi gani kutoka kila usharika, zilikwenda kwenye mitaa ipi, mitaa ipi haikupata na kwa nini. Wakorintho waliambiwa fedha zinakwenda wapi na nani anazibeba kabla hata hawajatoa.

Linabaki swali la upungufu. Siku moja mkaguzi atakuta slipu haipo, au 380,000 hazionekani. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba aliyeuliza ndiye anayekuwa mkosaji. Anatajiwa Zaburi 105, "Msiwaguse masihi wangu", anavuliwa uzee wa kanisa, na hesabu zinafungwa. Paulo alikuwa na haki ya kuutumia mstari huo kuliko yeyote kati yetu, na hakuutumia. Alijibu kwa mambo yanayoweza kuchunguzwa: aliyetumwa ni fulani, alifuatana na fulani, waulizeni.

Kwa hiyo baraza liwe na utaratibu ulioandikwa kabla ya tatizo. Upungufu uandikwe siku uliyoonekana. Anayeshika fedha apumzishwe kushika, bila kutangazwa kuwa mwizi, na vitabu vichukuliwe na watu wawili. Apewe siku 7 za kuleta stakabadhi, kwa sababu upungufu mwingi ni karatasi zilizopotea au masurufu yasiyorejeshwa. Baada ya hapo mkaguzi kutoka nje ya usharika aangalie miezi 12 nyuma, si mwezi mmoja. Matokeo yasomwe kwa wale waliotoa, yawe ya kumsafisha au ya kumtia hatiani. Na majina ya wanaoshika fedha yabandikwe ubaoni mwaka mzima, sio siku ya kashfa. Katika 12:18 jina la Tito limetajwa mbele ya Wakorintho wote, ili anayetaka kumuuliza amuulize.